Kabla ya dawa, kitana

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea karibu wiki tatu, testi zilikuwa zimenikaba koo na bumu lenyewe lilikata zamani, hata hela ya bando nilikuwa naomba omba. Sasa nimepumua kidogo. Nilichokuja nacho leo si siasa wala si mambo ya mahusiano (najua kuna watu wanasubiria ile sehemu ya pili, endeleeni kusubiri). Leo naongelea viroboto. Ndiyo, viroboto. Usifunge kwanza.

Imeanza hivi. Hapa hosteli kuna paka jike wa rangi ya majivu anayezunguka kwenye korido tangu mwaka jana. Hana mwenyewe, anakula kwa yeyote aliyepika dagaa. Jumamosi nimekaa naye kwenye ngazi za nje, mkono mmoja nimemshika shingo, mkono mwingine nina kitana, kile cha chawa chenye meno ya kubanana, na pembeni kibakuli cha maji ya sabuni. Rumumeti wangu katoka bafuni na taulo begani, kasimama, kaangalia weee. "Oya mwanangu, umeanza kusuka paka?" Basi imekuwa hiyo. Tangu Jumamosi naitwa Saluni. Hata wadada wa bloku ya pili wananiuliza twende kilioni nafanya bei gani, teh teh teh.

Sijakasirika. Ila nilipofika kitandani nikasema hapana, hili niliandikie. Kwa nini mwanaume mzima wa Hirbadaw anachana paka, na kwa nini naamini kwetu wote tungekuwa tunashika kitana kabla hatujagusa chupa yoyote ya sumu.

Kwa wasiopajua, Hirbadaw ni kata ya wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara. Ukishuka kwenye basi Katesh bado hujafika. Ni nchi ya Wairaqw na Wadatoga, watu wa mahindi, maharage, ng'ombe na mbuzi. Boma lisilo na mbwa ni nadra, na nyumba nyingi zina paka. Lakini tuelewane, hatuongelei mbwa wa Masaki hapa. Mbwa wa kwetu hapakatwi, haogeshwi, halali kwenye zulia. Ni mlinzi, anakwenda machungani, usiku anabwekea fisi, basi. Paka naye ana ajira yake, ambayo ni magunia ya mahindi. Sijawahi kumsikia mtu wa kwetu akisema anampenda paka wake. Lakini ngoja afe, ndiyo utajua alikuwa nani.

Na hapo ndipo kwenye kosa langu, ambalo sikuwahi kuliandika hapa.

Likizo yangu ya kwanza ya chuo nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Mwanachuo, Bios na Jografia, unafikiri mchezo. Nikakuta mdogo wangu wa kike ana vipele miguuni kuanzia kwenye fundo kushuka chini, anajikuna mpaka damu. Bibi anasema ni viroboto, mbwa na paka wamejaa. Mi nikasema kazi ndogo hiyo. Kwenye kona ya stoo kulikuwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kuchanganya na maji kwenye pampu ya mgongoni. Sikusoma lebo. Narudia, mtu wa chuo kikuu, anayesomea kufundisha watoto wa watu kusoma, sikusoma lebo. Nilikadiria kwa jicho kwenye kopo, nikaichanganya kali ili "ifanye kazi", nikampaka Simba (mbwa wetu), halafu nikamkamata paka wa bibi nikamlowesha mwili mzima.

Simba alitokwa mate siku hiyo na hakula, kesho yake akawa mzima. Paka hakuwa mzima. Paka kazi yake ni kujilamba, na chochote ulichompaka kwenye manyoya jua umempa anywe. Jioni akaanza kutetemeka, kwanza masikio, halafu miguu, akawa anatembea kama mlevi, udenda unatoka. Usiku kakakamaa. Tulimwagia maji, tukampa maziwa, kila mtu na ushauri wake. Alfajiri alikuwa amekufa chini ya kinu.

Bibi hakunigombeza. Bibi yangu huniita mume wangu, si mnajua utani wa bibi na mjukuu. Alimwangalia paka, akaniangalia mimi, akasema, "Mume wangu, hivi huko shule umekwenda kusomea nini?" Akaenda kuchota maji. Hilo swali ninalo mpaka leo.

Kilichofuata mnaweza kukisia. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, yako ndani. Panya hawakungoja arobaini. Mpaka bibi anapata kitoto kingine cha paka kwa jirani ilishapita miezi mitano, na magunia mawili yalikuwa yametobolewa kwa chini, mahindi yamechanganyika na mavi ya panya. Kwa watu wanaokula walicholima, hiyo si hasara ya kuandikia hadithi, ni wiki kadhaa za ugali. Na cha kuchekesha (hakichekeshi) ni kwamba viroboto hawakuisha. Baada ya wiki mbili mdogo wangu alikuwa anajikuna vilevile.

Niliporudi chuo nikaanza kusoma kwa hasira. Nikagundua mambo mawili, na yote mawili yalikuwa kwenye vitabu siku zote.

La kwanza ni paka mwenyewe. Ini la paka haliko kama la mbwa wala la ng'ombe, limepungukiwa uwezo wa kuvunjavunja baadhi ya sumu. Permethrin, ambayo mbwa anaivumilia, paka inamletea mtetemeko na degedege na inaweza kumuua. Amitraz inayotumika sana kwenye kuogeshea ng'ombe, haimfai paka. Zile za jamii ya oganofosfeti, ndiyo usiseme. Na kuna mtindo mwingine nimekuja kuusikia kwa wengi, kumpaka mbwa au paka unga wa dawa ya kuhifadhia mahindi. Jamani. Baadhi ya unga huo una oganofosfeti na permethrin kwa pamoja, na mtoto anayelala ameegemea mbwa analala na huo unga puani.

La pili ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu linaonyesha paka alikufa bure. Kiroboto unayemwona kwenye mnyama ni sehemu ndogo tu ya viroboto ulionao. Makadirio yanayofundishwa ni kwamba wazima ni kama 5 kati ya 100, waliobaki ni mayai, mabuu, na walioko ndani ya vifukofuko, na hao hawako kwenye paka, wako sakafuni. Jike akishanyonya damu anaanza kutaga ndani ya siku moja au mbili, na akikolea anafikisha mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayana gundi, yanadondoka popote paka alipolala. Buu anatoka, anajificha kwenye vumbi na nyufa, anakula yale mavi makavu ya wazazi wake ambayo ni damu yako wewe iliyosagwa. Halafu anajifunga kwenye kifukofuko na humo anaweza kungoja miezi, mpaka asikie mtikisiko, joto na pumzi ya kiumbe. Ndiyo maana ukifungua chumba kilichofungwa likizo nzima unapokelewa na jeshi. Sasa fikiria nyumba zetu za kienyeji za udongo, na ile baridi ya mwezi wa sita na wa saba, wana-mbuzi na ndama wanalala ndani pamoja na watu. Kiroboto wa paka habagui, anakaa kwa mbwa, anakaa kwa wana-mbuzi, anakaa kwa ndama. Mi nilimlowesha paka mmoja sumu nikadhani nimemaliza ukoo.

Kwa hiyo sumu ilikuwa inapiga wale 5. Na kitana nacho kinapiga wale 5, tena hakiwapigi wote. Kwa hiyo sitawadanganya kwamba kitana ni muujiza. Hoja yangu ni kwamba kama kazi ya kwanza ni kupunguza wale walioko kwenye mwili, basi uanze na kifaa ambacho ukikosea hakuna anayekufa.

Kitana cha nini? Sio lazima kile cha madukani huko mjini kilichoandikwa mbwa na paka. Kitana cha chawa cha kawaida, meno yamebanana kiasi kwamba nywele inapita, kiroboto hapiti. Changu nilinunua shilingi 500 kwa mmachinga. Unachana kufuata manyoya yanavyolala, taratibu, meno yaguse ngozi. Unaanzia shingoni, nyuma ya masikio, unashuka mgongoni mpaka shina la mkia, halafu tumbo na mapajani. Shingo na shina la mkia ndiyo makao makuu yao. Kila ukipitisha unachovya kwenye maji ya sabuni, na sabuni ni muhimu, maana kwenye maji matupu kiroboto anaelea juu kama mtumbwi na anaruka anaondoka. Sabuni inalegeza uso wa maji, anazama. Usiwaponde kwa kucha, na tafadhali usiwaponde kwa meno kama ninavyomjua mzee mmoja. Kiroboto anaweza kubeba mwanzo wa tegu ndani yake, na mtoto akimmeza kwa bahati mbaya anaipata hiyo minyoo.

Halafu kitana kinakupa kitu ambacho chupa ya dawa haikupi kabisa, yaani habari. Ukichana ukapata vichembe vyeusi kama chumvi ya rangi ya makaa, viweke kwenye tishu nyeupe iliyolowa. Vikibaki vyeusi ni uchafu wa kawaida. Vikitoa wekundu wa kutu, hayo ni mavi ya kiroboto, ni damu. Hata kama hujamwona kiroboto hata mmoja, unajua wapo. Na ukihesabu kila siku unaona unashinda au unashindwa. Mi nilipompaka paka dawa sikujua alikuwa na viroboto wangapi, sikujua wamebaki wangapi, nilijua tu nimefanya kitu.

Kwenye fildi mwaka huu nilifanya hilo jaribio la tishu na wanafunzi. Somo lilikuwa vimelea, kitabu kina mchoro mmoja wa tegu na mchoro mmoja wa kupe, na darasa linasinzia saa nane mchana. Nikawaambia kesho kila mwenye mbwa au paka alete vichembe vyake kwenye karatasi. Kha! Walileta. Darasa zima limeinamia karatasi zilizolowa, "mwalimu langu jekundu, mwalimu langu jekundu". Binti mmoja akasema kwao mbwa anapakwa dawa ya mahindi na mdogo wake anamtumia kama mto. Alisema kawaida kabisa, kama mtu anayesema kwao wanapika na kuni. Tuliongea dakika kumi tu kuhusu hilo, kengele ikagonga, lakini nadhani ni dakika kumi nilizofundisha kweli kuliko zote kwenye fildi ile.

Sasa najua mtaniambia. La kwanza, dawa nzuri zipo siku hizi, kuna zile za kudondoshea tone shingoni, zimetengenezwa kwa ajili ya paka na zinamaliza. Kweli kabisa, na kama hela ipo na afisa mifugo yupo, nenda. Mnyama aliyejaa sana, au aliyepauka ufizi kwa kunyonywa damu, kitana peke yake hakitamtosha. Ila soma, imeandikwa paka? Kama imeandikwa mbwa, ni ya mbwa. Na vitoto vya paka vya wiki chache ambavyo hata hizo dawa nzuri nyingi haviruhusiwi, vinaweza kufa kwa kunyonywa damu. Kwa hao kitana ndiyo dawa yenyewe.

La pili mtasema nani ana muda. Hili nalikataa. Kuchana paka ni dakika kumi. Kwetu tunakaa jioni uani tunapukuchua mahindi masaa mawili huku tunapiga stori. Muda upo. Kisichokuwepo ni mkono wa kumgusa mbwa. Hapo ndipo penyewe. Tunaona aibu. Mbwa ni wa kutupiwa ugali, ukimshika shika watu wanakuangalia kama umerogwa, na mwanaume ndiyo kabisa. Kumwagia sumu kutoka mbali ni heshima, kumchana kwa mkono ni kujishusha. Mi nimetukanwa kwa utani wiki nzima na wasomi wa shahada, je kijijini? Lakini ng'ombe akiwa na kupe masikioni baba anamng'oa kwa vidole, hakuna anayecheka. Kwa nini? Kwa sababu ng'ombe ni mali. Haya, na yule paka wa magunia mawili hakuwa mali?

(Mbwa ambaye hajazoea kushikwa, au ambaye tabia yake imebadilika ghafla, usimsogelee na kitana chako ukasema Saluni kaniambia. Kichaa cha mbwa kipo. Anza na wa kwako anayekujua, mtu wa pili amshike, mpe kitu anachopenda kula.)

Kuna jambo moja la uzito ambalo sitaki nilipite. Ukisema viroboto kwa watu wa Mbulu na Hanang, wazee hawafikirii kujikuna, wanafikiria tauni. Mwaka 2007 tauni ililipuka wilaya ya Mbulu, jirani zetu, mi nilikuwa mtoto mdogo sijaanza hata shule. Lushoto ndiyo waliumia zaidi, kuanzia 1980 hadi 2004 watu zaidi ya 7,000 waliugua. Na anayeileta ni kiroboto, jambo ambalo Mfaransa Paul-Louis Simond alilionyesha Karachi mwaka 1898 na watu wakamcheka kwanza. Lakini huyo kiroboto mkubwa wa tauni ni wa panya, si huyu wa paka. Kwa hiyo mtu asije akachana paka akadhani amejikinga na tauni. Hapana. Tena ni kinyume, ukiona panya wanakufa ovyo ndani au shambani, weka kitana chini. Paka anayekula panya hao anaweza kuugua tauni na kuwaambukiza nyie, na panya akifa viroboto wake wanamhama wanatafuta mwili mwingine wenye joto. Hapo usishike panya, usimshike paka anayeumwa, toa taarifa zahanati siku hiyo hiyo. Mtu akipata homa na mtoki katika kipindi hicho awahishwe, tauni inatibika kwa antibiotiki ukiwahi. Siku za kawaida ndiyo siku za kitana. Na siku za kawaida ndiyo unamhitaji paka mzima anayepunguza panya, badala ya paka uliyemuua mwenyewe.

Yule ndugu yake mwingine, funza, naye ni kiroboto kwa ukoo, ila akishaingia kwenye ngozi kitana hakimpati. Hiyo mada nyingine.

Basi likizo iliyofuata nilirudi Hirbadaw na vitana viwili. Bibi alikuwa na kile kitoto cha paka, kimeshakua kidogo. Sikusema chochote, nikakaa uani na kibakuli nikaanza. Bibi akaniangalia kwa mbali, siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu akaja na kigoda, akasema nipe, unamvuta nywele. Mikono ya bibi, watu wangu, mikono iliyotoa chawa vichwani mwa watoto saba. Anapitisha mara moja anatoka na watatu. Na yeye ndiye aliyesema tutoe yale magunia ya zamani paka anapolala tuyaanike juani, na wana-mbuzi tukawahamishia banda la nje na nyasi kavu, na kila asubuhi tunafagia mpaka pembeni mwa kuta na vumbi tunalichoma. Hayo ya kufagia na kuanika ndiyo yanapiga wale 95 niliowaambia. Yeye hajasoma Bios. Wiki ya kwanza tulichana asubuhi na jioni, baadaye jioni tu, mpaka nafunga begi kurudi chuo tulikuwa tunapata mmoja au hakuna. Mdogo wangu miguu yake ilikuwa na makovu tu, hana kipele kipya.

Nilitaka kumwambia bibi samahani kwa yule paka wa kwanza. Sikuweza. Nilimwachia kitana kimoja, yeye akakifunga kwenye kona ya kanga.

Huyu wa hosteli siku ya kwanza alitoa viroboto 41, niliwahesabu ndani ya kibakuli. Juzi 17. Jana tisa. Boksi analolalia chini ya ngazi nimelichoma nikampa jingine, maana bila hivyo ningechana mpaka graduesheni.

Rumumeti ameniuliza leo asubuhi kama kile kitana cha paka ni kile kile kinachokaaga dirishani, maana wiki iliyopita alichania ndevu. Nimemwambia hapana, hicho ni kingine. Kama unasoma hapa mwanangu, ni kile kile. Ila nilikichemsha.